Nywele Kumi na Tisa

Kila Jumamosi ya tatu, saa nne kasorobo,
Bwana Morihide hushuka tramu ya mwisho wa njia
ameshika kofia kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba bakuli la supu,
maana upepo wa Hakodate hauna adabu:
hupanda kutoka bandarini, hukata kona,
hupekua.

Namfunga shuka shingoni.
"Kama kawaida?"
"Kama kawaida."
Na hapo tunaanza uongo wetu,
mwaka wa kumi na sita sasa.

Kazi yenyewe ni dakika nne.
Zilizobaki napiga mkasi hewani,
cha, cha, cha, juu ya utosi mtupu,
ili asikie sauti ya mtu anayenyolewa.
Siri ya mtungi aijuaye ni kata;
ya utosi huu, mimi.

Nywele zaota juu ya sikio la kushoto,
ndefu kuliko penseli mpya.
Nazivusha ng'ambo hadi sikio la kulia,
nazilaza moja moja kwa mafuta ya kamelia
mpaka zifanane na ile mistari myeusi
inayosomwa na mashine kwenye pakiti ya sabuni.
Zamani zilikuwa thelathini na ushei.
Mwezi wa kumi nikahesabu: kumi na tisa.
Sikusema. Naye hakuuliza,
ila aliniachia chenji yote,
jinsi mtu anavyomhonga shahidi.

Kazi yake ni kuuza miwani. Hebu fikiria:
duka lenye vioo kila ukuta,
na mteja anayeona sawasawa kwa mara ya kwanza
kitu cha kwanza anachokiona
ni kichwa kilichoinama kumkaza skrubu.

Amejaribu. Alipaka tangawizi, ikamwasha.
Alijigonga utosi kwa brashi ya miiba laini
mara mia kila usiku, mkewe akahamia chumba cha pili.
Alikula mwani asubuhi na jioni, miaka miwili;
tumbo lilinufaika.

Februari alikuja Jumanne.
Hakuvaa kofia. Theluji imemkaa kichwani
wala hakuipangusa.
Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne:
mjukuu wake wa chekechea amechora ukoo mzima.
Bibi ana nywele za zambarau. Paka ana masharubu.
Babu ana duara,
na juu ya duara, mistari mitano imenyooka,
na juu ya mstari wa tatu
amekaa ndege.

"Amedhani ni waya za umeme," akasema.
Nikanyamaza. Nitasema nini?
"Ndege amempatia," akasema. "Waya ndizo mbaya.
Kata."

Nikakata. Hazikutoa hata sauti.
Kisha taulo la moto, povu, wembe,
na pale juu ya sikio la kushoto,
kwenye lile shamba letu tulilolitunza,
nikakuta kovu jembamba lililopinda.
"Baiskeli," akasema, macho kafumba. "Darasa la tatu.
Mama alinibeba mgongoni hadi kwa daktari,
mimi nalia, yeye anacheka ili nisiogope."
Miaka kumi na sita nimekizunguka kichwa hiki
na huyo mama sikuwahi kukutana naye.

Nilitaka kumpunguzia bei.
"La," akasema. "Leo ndiyo umefanya kazi."

Nikasimama mlangoni kumtazama akiteremka.
Upepo ukamfikia kwenye kona, kama kawaida yake,
ukapekua mbele, ukapekua nyuma,
ukamwacha, ukamwendea mwanamke mwenye mwavuli.

Jioni nafagia.
Kitana chake amekisahau juu ya meza.
Nikajichana nacho, basi tu, mbele ya kioo:
njia yangu ya katikati, niliyoachiwa na mama
nyembamba kama uzi,
siku hizi inapitisha baiskeli.
Wanasema kinyozi hajinyoi.
Wanasema pia ukiona mwenzako ananyolewa,

nikafungua bomba,
nikasikiliza maji yakijaa kwenye beseni.