Safu ya Nyingineyo

Kampuni ya Maskati imenipa fomu
na gari lenye kiyoyozi kinachokohoa:
niende Ibra, nihesabu kompyuta,
niulize kila moja inaendeshwa na mfumo gani,
ulinunuliwa wapi, kwa riali ngapi.
Jumapili, saa mbili asubuhi, nyuzi arobaini na moja.

Duka la kwanza ni la Shaji, mtu wa Kerala,
Kiswahili amefunzwa na mabibi waliozaliwa Tabora
wanaomletea simu zilizoanguka chooni.
"Mifumo huria, umeuza mingapi?"
"Sijauza hata mmoja."
Kidoleni ananing'iniza flashi, imefungwa uzi mwekundu.
"Nimeigawa. Kwa wangapi, sijui.
Hii ilikwenda kwa Mundhir wa zahanati,
Mundhir akampa shemeji yake wa Mudhaibi,
ikarudi baada ya mwezi, uzi si ule niliofunga."

Fomu yangu haina mahali pa uzi.
Nikaandika sifuri,
nikaona haya, nikaandika tena sifuri, kwa wino mzito.

Shuleni, Mwalimu Zuweina ana mashine ishirini na mbili.
Chini ya kila moja kuna kibandiko cha mfumo wa kulipia,
kinang'aa kama mhuri wa posa.
Lakini mfumo wenyewe haumo:
aliufuta Ramadhani iliyopita, peke yake, mlango kaufunga,
kwa kuwa mashine zilichukua robo saa kuamka
na watoto wakawa wanalala kabla yake.
"Zilihesabiwa siku ziliponunuliwa," anasema.
"Mpangaji kahama, jina lake liko mlangoni.
Wewe unahesabu milango?"

Ndiyo, mwalimu. Ninalipwa kwa milango.

Adhuhuri nilikaa penye falaji
kunako chanzo, kabla maji hayajaingia hesabuni.
Kijana alijaza dumu mbili akaenda zake.
Mwanamke akanawisha mtoto pua.
Chini huko kwenye mitende kila shamba lina zamu yake,
nusu saa ya huyu, robo ya yule, hurithiwa, huuzwa,
na daftari halisahau.
Nilitaka kuuliza kama yule mtoto ameandikwa.
Nikanywa, nikafuta mdomo.

Kisha hesabu ikanivurugikia.
Nikaanza kupasua vitu hadi kwenye kiini:
kisanduku cha intaneti juu ya kabati la zahanati,
runinga ya majlisi, simu ya Mundhir,
simu ya mamake Mundhir,
simu hii hii ninayojazia fomu.
Kiini ni kile kile, cha bure, kimevaa majina ya watu.
Nikihesabu vibandiko ni asilimia mbili.
Nikihesabu viini, karibu mji mzima.
Hamna hamna, ndimo mlimo.

Nikampigia Bi Thuraya ofisini.
"Usinizulie," akasema. "Mteja ameomba soko.
Soko ni mahali palipo na mnunuzi.
Hao wengine watie kwenye Nyingineyo."
Nikamwambia kibaba hupima mchele, hakipimi harufu.
Akauliza kama nimekunywa maji ya kutosha.

Usiku, hotelini, ninaandika ripoti:
*mbili nukta moja kwa mia.*
Nimeongeza tanbihi ya mistari sita
ambayo najua ataikata,
nimeacha hata mkato mahali pake.

Natafuta kalamu mkobani, nakuta flashi.
Sikumbuki kuiomba. Labda alipokuwa akinirudishia chenji.
Uzi mwekundu umebaki chenga mbili tatu.
Kompyuta ya kazi imekataza, nami nina ya kwangu nyumbani,
nzee, inayochukua robo saa kuamka,
na nina dada Al-Khoudh mwenye nyingine kama hiyo.

Nimelichambua pindo la buibui.
Umetoka uzi mmoja, mweusi, mrefu kuliko nilivyotaka.
Naufunga mara mbili.
Kesho ni Bidiya, maduka tisa, fomu tupu.