Kidole

Mshale ukielekea kulia, bonyeza kulia.
Ukielekea kushoto, bonyeza kushoto.
Ukisikia kengele, acha.
Kazi ya mtoto wa chekechea, nikajisemea,
nikavua saa, nikakaa vizuri.

Kengele ililia. Kidole kilikuwa kimeshafika.

Na mimi ndiye mzima. Ndivyo walivyoniandika
kwenye fomu, kule hospitali ya kilimani: *ndugu, mzima.*
Mgonjwa ni Kwilasa, anayefunga duka Kirumba saa moja
akafika nyumbani saa nne,
ilhali kati ya duka na nyumba pana mfereji tu na jiwe.
Analivuta kufuli. Anaondoka. Anarudi. Analivuta.
Wauza dagaa wameshamzoea, wanamhesabia kwa sauti,
kumi na tisa, ishirini,
wakidhani wanamsaidia.

Mama alikuwa akiosha sufuria safi.
Tukasema, mwanamke msafi.
Bibi Nyanzobe, kule Magu, alifagia ua
mpaka mizizi ya minyaa ikatoka nje.
Tukasema, hapendi uchafu.
Wao tuliwapa sifa. Kwilasa tukampa ugonjwa,
kwa kuwa alizaliwa wakati wa madaktari.

Daktari Sayi aligeuza kioo nione.
Kichwa changu. Kichwa cha kaka yangu.
Nyuma ya paji la uso, mahali palepale,
mwanga hafifu uleule, kama karabai mbili
zilizotiwa mafuta na mkono mmoja.
"Hii ni alama," alisema, "si hukumu.
Wengi huingia nayo kaburini
na hawajawahi kurudia mlango."
Nikamshukuru. Nikasahau saa mezani kwake.
Sikurudi kuifuata. Nilijilazimisha nisirudi.

Nyumba yetu Igogo iko chini ya jiwe
lililokaa juu ya jiwe jingine kama yai juu ya kisigino.
Baba alijenga hapo kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi.
Halijaanguka. Mvua zote zile, halijaanguka.
Leo tu ndiyo nimesimama kulitazama.

Ndani, Minza wangu wa miaka sita
anapanga vizibo vya soda sakafuni,
vyekundu huku, vya kijani kule,
kimoja amekigeuza, amekigeuza tena.

"Minza, acha, njoo ule."

Moja, nikahesabu kimoyomoyo. Mbili.
Nikimtazama kidole.
Tatu.