Fomu ya Tekle

Chuo cha Kutaisi kimeniletea fomu,
kurasa mbili, vijisanduku ishirini na sita.
Nijaze moja hadi tano,
kisha niseme kama Tekle yuko tayari kwa kazi.

Alifika Batumi na mvua ya Septemba,
cheti cha muhula ndani ya mfuko wa plastiki,
viatu vipya vikimng'ata visigino.
Anajua kulikunja taulo likawa bata.
Anajua tabasamu la meno manane: nilimfumania
akilifanyia mazoezi kwenye kioo cha lifti.
Siku ya pili akamwaga supu ya kuku
kwenye koti la mhasibu kutoka Ankara,
akaomba radhi kwa lugha tatu, zote mbovu.

"Huwahi kazini?" Tatu. Basi la alfajiri lina akili zake.
"Hubeba trei kwa mkono mmoja?" Moja,
na hiyo moja ni ya huruma.
"Hufuata utaratibu?"

Hapo kalamu ikasita.

Chumba mia nne na kumi na mbili,
mzee wa Gdansk, peke yake, siku sita.
Utaratibu unasema: badili shuka, piga mito yote,
nguo ya mgeni ikunjwe, iwekwe kitini.
Nikapita kukagua.
Upande wa kushoto umenyooka kama picha ya kitabuni;
wa kulia haujaguswa,
na juu ya mto skafu ya kike, ya kijani,
imetandazwa vilevile kama jana.
Nikanyoosha mkono.
Tekle, ambaye kwangu hana neno ila "ndiyo, bibi,"
akanishika kifundo:
"Huyo bado amelala."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema.
Miaka ishirini na tisa wageni wamekuja;
nilichopata ni mgongo.
Nikaurudisha mkono mfukoni.

Mzee aliondoka Jumapili. Hakuaga,
hakuacha hata sarafu.
Kitanda alikitandika mwenyewe, pande zote mbili.

"Hufuata utaratibu?" Mbili.
Sikuongeza. Fomu ni fomu.
"Yuko tayari? Ndiyo, hapana: kata lisilohusika."
Sijakata.

Huko ukumbini kitu kimeanguka,
kwa mlio wake ni birika la fedha,
na kesho tunapokea basi la watu arobaini.
Tekle! Njoo na trei.
Tuanze tena, na glasi tupu.