Kitochi Hakina Wivu

Mwezi wa kumi na moja, Newala.
Hela ya korosho imeingia usiku,
na asubuhi mahema mawili yameota mbele ya ofisi ya ushirika,
la kijani na la zambarau,
yametazamana spika kwa spika kama wake wenza.

La zambarau lina simu ambayo, wanasema, huipati kwingine,
si Masasi stendi, si Mtwara mjini,
kioo kimepinda pembeni kama ukucha uliotunzwa.
La kijani halina simu hiyo.
Kwa hiyo lina vifurushi, lina fulana,
lina mchekeshaji wa kutoka Dar
anayemwita kila mtu mjomba, hata mama yangu.

Mimi niko katikati, kibandani kwangu,
bisibisi mkononi. Fundi hana hema.

Akaja Somoe Nantende, boksi kwapani.
"Fundi Likapa, nimeolewa!"
Nikausoma mkataba, herufi kama mayai ya chawa.
Kianzio, elfu arobaini.
Kila siku elfu moja na mia moja, mwaka mzima.
Laini yao peke yake; ukiweka nyingine, inagoma.
Siku usipolipa, saa sita usiku inajifunga.

Nikageuza karatasi ya ghala, nikapiga hesabu mgongoni mwake:
laki nne, arobaini na moja elfu, na mia tano.
"Dada yake simu hii," nikamwambia, "yule asiye na hema,
anauzwa laki mbili na ishirini, na anapokea laini yoyote."

Akaitazama hesabu kama mtu anayetazama picha ya pilau.
"Laki mbili za siku moja ziko wapi, fundi?
Ya korosho iligawanyika kabla haijaingia:
salfa, ada, bati, shemeji.
Elfu na mia ni ndoo mbili za maji na mia ya chumvi.
Hiyo naijua. Hiyo tumezoeana."

Sikuwa na jibu.
Mwenye nazo hununua mara moja,
asiye nazo hununua mara mbili,
na bango halisemi.

Desemba alikwenda Shimo la Mungu kupiga picha.
Pale ukingoni simu ikanusa mnara wa ng'ambo,
ikaandika: Karibu Msumbiji,
ikameza kifurushi cha wiki kwa pumzi moja.
"Wivu wote ule," akaniambia, "kumbe ina hawara ng'ambo ya Ruvuma!"
Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Februari hakucheka.
Aliiweka mezani kwangu, kioo chote zambarau,
maneno mawili tu: Lipa uendelee.
Siku ya tisa hiyo.
Kule nje la kijani limerudi, na lenyewe sasa lina simu yake:
leta ya jirani, deni tunalibeba,
elfu moja kamili kwa siku.
Mia moja! Kwa mia moja wanagombea mke wa mtu,
na siku zinaanza kuhesabiwa upya, kama eda.

"Ifungue, fundi."
Mikono yangu inajua njia. Iko kwenye waya ule mwekundu, droo ya chini.
Nikaifuta simu kwa kitambaa, nikaifuta tena,
mtu hufuta hivyo anapotafuta la kusema.

Ndipo kikalia kitu kwenye pindo la kanga yake:
kitochi, mgongo umefungwa mpira wa manati,
laini mbili ndani, ya kijani na ya zambarau,
zimelala kitanda kimoja bila ugomvi.
Mwanawe, Nachingwea, bweni. Sabuni imekwisha.
"Nitatuma, baba. Kesho. Nitatuma."
Akatoka nje ili asikie vizuri.

Nikabaki na ile nyingine, inang'aa peke yake mezani.
Juu kabisa, kwenye pembe, ilikuwa saa tisa na dakika nne.
Saa, angalau, hawakuifunga.