Kilo Mbili

Mimi Chipila karani, wa chama huku Newala,
Kwa miaka ishirini, kalamu haikulala,
Chaki yangu sikioni, vumbi hadi kwenye ndala,
Hakuna kilo ya hila, ilopita mkononi.

Jioni hutunga tungo, kwenye taa ya chemli,
Nane kwa nane kiwango, siongezi, sibadili,
Silabi ikiwa pengo, sikio halikubali,
Iwe tungo, iwe mali, jina ni moja: mizani.

Akaja Bwana Nandonde, mkuu wa ushirika,
Udiwani autunde, ndicho alichokitaka,
Kaketi kwangu upande, polepole akacheka,
“Kura,” kanong'ona, “kaka, hutaka kuni jikoni.”

“Kwa gunia kilo mbili, nani atakayejua?
Ni mchango wa halali, kisima tutachimbua,
Nawe utakula wali, samaki ukichambua.”
Bisibisi kaitua, juu ya meza ghalani.

Sikusema “ndiyo”, wala, “sitaki” sikutamka,
Nilirudi nikalala, kama mtu alochoka,
Asubuhi, bila swala, bisibisi nikashika,
Mshale ukageuka, kidogo, gizani.

Msomaji, angalia, kituo ulichokuta:
Nane ya kwanza sawia, ya pili sita, ni sita.
Mbili nilizifichia, hukuhisi nikikata.
Hivi ndivyo zilipita, korosho zao, machoni.

Siku kumi za mnada, lori likaja usiku,
Kilo zangu za ziada, zikapakiwa mkuku,
Hakukuwa na shahada, ila ukungu na kuku,
Nikamla huyo kuku, na wali, kimya, mekoni.

Sindimba ikatifua, vumbi uwanja wa shule,
Nandonde akainua, mikono penye kelele,
Kanga akazifungua, chumvi pakiti, mchele,
Walicheza watu wale, nilowapunja ghalani.

Kesho yake akatinga, Somoe binti Mtopwa,
Gunia tano kafunga, kapima, na hajalipwa,
Mkononi ana kanga, ile jana ilotupwa,
“Pima hii nilolipwa, iweke kwenye mizani.”

Mshale ulipepesa, ukasita, ukakoma,
“Robo kilo, hiyo hasa,” nikajibu, nainama,
Akahesabu hamsa, vidole; kisha kasema:
“Kilo kumi zimehama, robo yarudi nyumbani.

“Nyumbani nina vibaba, debe na hesabu yangu,
Mikorosho yake baba, jembe ni mkono wangu,
Hiyo kanga ya msiba, pesa yake ni ya kwangu,
Kanihonga mali yangu, nimshukuru kwa nini?”

Hakungoja samahani, kanga akaibakisha,
Msemo wake pindoni, ulikuwa wachekesha,
“Tuwe wamoja moyoni,” ndivyo walivyochapisha,
Niliisoma, na kisha, jasho likaja shingoni.

Usiku nikaamka, nikawasha kibatari,
Mshale nikauweka, pale palipo sifuri,
Majina nikaandika, na deni lake, dhahiri,
Na la mwizi, kwa hiari, nikatia la karani.

Mkutano nikasoma, kila jina na idadi,
Wengine wakanisema, “Umekula, ndipo rudi!”
Kazi yangu ikakoma, na kesi ina miadi,
Nandonde yu na ahadi, bado yuko jukwaani.

Bibo naokota sasa, kwa watu, kwa kibarua,
Nalipa kosa kwa kosa, mbili mbili nazitua,
Na Somoe kila hisa, kwa debe huikagua,
Akisha kuichungua, ndipo hutia kapuni.

Kura nayo ni uzito, karatasi si nyepesi,
Haijazwi kwa kokoto, wala kanga ya mkosi,
Ni shule yake mtoto, ni kisima, si tetesi.
Deni langu la nakisi, hizi mbili nalipa: pimeni.