Shubiri Moja

Kaka yangu Beñat ana mwezi mwandamo juu ya jicho la kulia,
huwa mwekundu baridi ikikaza.
Hakuzaliwa nao. Aling'atwa na darubini:
vidole vinne tu kati ya kioo na nyusi,
bunduki nyepesi, risasi nzito,
naye kalala kifudifudi mlimani Owyhee
akimlenga kulungu aliye juu yake.
Kulungu alikwenda zake.
Beñat alirudi kambini damu imemfika sikioni,
akiapa kwa Kibaski mpaka kondoo wakageuka.

Akaniletea bunduki karakana. "Itie adabu, Garazi."

Nikaing'oa ile darubini na pete zake.
Nikatwaa nyingine, fupi, nyembamba kama mpini,
nikaifunga mbele, juu ya mtutu,
mahali ambapo kila apitaye huuliza kama nimekosea.
Rula ilikuwepo. Nilipima kwa mkono:
dole gumba kwenye nyusi zake,
kidole cha mwisho kwenye kioo.
Shubiri moja.

"Huko mbali nitaona nini?"

Inakuza mara mbili na nusu, basi.
Haitakuhesabia ndevu za mbweha.
Ila usifumbe jicho. Yote mawili wazi, kaka,
kama mtu anayedai pesa yake.
Moja lishike msalaba,
jingine lishike bonde: mbwa, kondoo,
na yule mchungaji wenu wa kutoka Peru
mwenye tabia ya kuzuka.

Nikampa na ubaya wake,
maana chombo kisicho na kasoro huuzwa na mwongo.
Jua likiwa chini, nyuma ya bega lako,
hupenya ndani ya shubiri hiyo hiyo
na kioo kikajaa mwanga mtupu. Hapo subiri. Au rudi nyumbani.

Akaishika katikati, penye uzani,
vidole vikaizunguka visigonge kitu.
Kilo tatu na robo.
"Farasi hatajua," akasema.

Oktoba akaja tena, hakuvua kofia.
Alikuwa na puma msalabani, hatua sitini,
kidole kimeanza kukaza,
na jicho lile jingine, lisilo na kazi,
likaona kitambaa chekundu nyuma ya vichaka vya pakanga.
Rufino, amechuchumaa, anafunga kiatu.

Puma alipanda mwamba. Rufino alimaliza kiatu.
Mpaka leo hajaambiwa.

Nilimtoza Beñat pete mbili na skrubu nane.
Ile shubiri sikujua
niiandike kwa jina gani kwenye risiti.