Nusu ya Dari

Mimi ndiye niliyegawanya.
Milioni tisa na laki tisa, kwa watoto kumi na mmoja:
laki tisa kila kichwa, bila baki.
Niliipenda hesabu ile kwa kutobakiza,
nikaipigia mistari miwili chini,
nikaipeleka ukumbini ikiwa bado na joto la mashine.

"Laki tisa!" Diwani Mwasomola alivua miwani.
"Hiyo ni bei ya mtamba mwenye mimba.
Na mtamba, waheshimiwa, atatoa maziwa."
Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka,
kicheko cha mtu anayesubiri posho ya kikao.

Wakanituma shuleni nikahakiki.
Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Tukuyu
haimuulizi mtu kama ana mwavuli.
Kitengo cha usonji ni darasa la mwisho, nyuma ya jiko,
bati tupu juu, halina dari.
Nilikuta trei za mayai zimebandikwa ukutani,
za kijivu, mamia, zimepanda hadi kwenye kenchi.
"Nimeziomba kwa wakaanga chipsi," alisema Mwalimu Sekela.
"Gundi nimenunua mwenyewe. Hiyo usiiandike."
Nikaiandika.
Kisha nikaikata, maana haikuwa na risiti.

Mvua ikaja.
Wewe uliyezaliwa huku unaijua sauti ile,
unailalia, unaivutia blanketi.
Gwamaka aliisikia kama kokoto
lori linazimwaga ndani ya sikio.
Akaingia chini ya meza, viganja masikioni,
akaguta, sauti moja ndefu isiyo na herufi,
na mwalimu akaingia naye,
sketi kwenye saruji, somo limeishia hapo.
Saa moja na robo. Nilitazama saa; ndiyo kazi yangu.

Usiniulize kipaji chake.
Najua hadithi mnazozipenda: mtoto hasemi,
halafu siku moja anapiga kinanda.
Gwamaka hapigi kitu. Anapenda vifuniko vya chupa,
na muhula uliopita alijifunza kuonyesha kikombe
anapotaka maji.
Miaka minane alikuwa na kiu
na hana pa kuielekeza.

Mama yake, Tumpe, alikuja kumchukua, amelowa.
Zamani alichuma chai kule Katumba.
Aliacha, kwa kuwa huwezi kuchuma
na mkono mmoja umeshika mtoto anayekimbilia barabarani.
Dada mtu alikatisha darasa la sita akamlinda
msimu mzima wa viazi, kisha hakurudi.
Baba yuko Chunya kwenye dhahabu,
simu yake haipatikani.
Nilitafuta safu ya kuyaweka hayo. Haipo.

Usiku ule, mgongoni mwa rasimu,
nilijumlisha upya:
ujira wa chai, miaka sita;
darasa la sita, sijui bei yake;
gundi.
Nikaona kile tulichokiita kuokoa
ni uhamisho wa fedha usio na kibali,
kutoka kifungu cha halmashauri
kwenda kifungu cha Tumpe.

Niliyasema ukumbini, vibaya, kwa kigugumizi.
Safari hii diwani hakucheka, alikuna kidevu.
Wakapitisha nusu.

Sasa kitengo kina nusu ya dari,
jipsamu nyeupe hadi katikati, kisha bati.
Wingu likishuka kutoka Mlima Rungwe
Gwamaka huinuka kabla ya tone la kwanza,
hukusanya vifuniko vyake,
huvuka mstari ambao hakuna aliyeuchora.
Wenzake kumi humfuata.

Meza kumi na moja hazienei upande ule.
Nimepima.